Nyumba Hii Haiuzwi

Kabla hatujaupaka, ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Tandika ulisomwa na mtaa mzima. Juu ya dirisha la kushoto paliandikwa NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu ya mafuta, herufi kubwa za baba mdogo, kila moja imemwegemea mwenzake. Chini yake, USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, faini ambayo hakuna aliyewahi kudaiwa ingawa wanaostahili kudaiwa tunawafahamu. Kando ya mlango palikuwa na namba ya sensa ya 2022, tangazo la mganga anayerudisha mali iliyopotea na mume aliyepotea kwa bei moja, na namba ya simu isiyo na maelezo, ambayo mke wangu alishawahi kuipiga kwa sababu zake mwenyewe.

Mtu wa mbali asishangae. Dar es Salaam imejaa nyumba na viwanja vilivyoandikwa hivyo, kwa kuwa matapeli huuza nyumba mwenyewe akiwa sokoni, akirudi anamkuta mnunuzi anapima madirisha. Yetu iliandikwa kwa sababu nyingine. Aliijenga babu, warithi ni wengi, na kila baada ya muda mmoja wao hupata shida ya fedha na wazo zuri kwa pamoja. Maandishi yale yalikuwa mkataba wa amani wa ukoo.

Ndipo ikaja posa ya mdogo wangu wa kike. Mshenga alileta barua, siku ya kuwapokea wageni ikapangwa. Mama akatoka nje, akavuka barabara, akasimama pale atakaposimama mgeni akishuka kwenye gari, akaitazama nyumba aliyoishi ujana na utu uzima wake wote.

"Wataona ukuta kabla hawajamwona mtoto," akasema. "Na hawa watu wanatoka Upanga."

Kamati ya familia ikakaa. Kamati ya familia ikikaa, fedha husimama. Baada ya kuhesabu ahadi na kutoa zile za uongo, pamoja na mchango wa kaka wa Arusha aliyetuma nusu na ujumbe mrefu, mkononi zilibaki shilingi laki moja na elfu sabini. Kwa fedha hizo tulitakiwa kupata ukuta, mlango, baraza na maua. Mama alitaka na taa. Taa ilisubiri, na mpaka leo inasubiri.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi mwembamba katikati unaotoka mlango wa mbele moja kwa moja hadi uani, na baraza la saruji mbele. Baraza ni letu kwa karatasi tu. Kwa matumizi ni la wazee wa mtaa, wanaoketi hapo tangu baada ya alasiri na birika la kahawa, kashata na kete za drafti, wakiamua mambo ya Simba, Yanga na serikali za nchi jirani. Sisi wenye nyumba tunapita katikati yao kwa shikamoo, na hupewa marahaba bila mtu kuinua macho kwenye drafti.

Fundi alipatikana kwa utaratibu wa kawaida, yaani kuna mtu anamjua mtu. Alikuja, akakwangua ukuta kwa kucha, akalamba. "Chumvi," akasema, kwa sauti ya daktari asiyependa kukuficha.

Alikuwa sahihi, na hapa nimpe haki yake kwa sababu mbele ya safari nitamnyang'anya. Nyumba nyingi za zamani za pwani hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, yanabeba chumvi, na yakikauka yanaiacha chumvi chini ya rangi. Chumvi inajaa, inasukuma, rangi inavimba na kudondoka vipande. Ukiuziba ukuta wa namna hiyo kwa rangi ya mafuta unaufungia maji ndani, na msimu mmoja wa masika unakurudisha ulikoanzia. Dawa ya mtu asiye na fedha ni kukwangua, kupiga brashi kavu, kuacha ukuta ukauke vizuri, kisha kupaka chokaa, ambayo inaruhusu unyevu utoke. Tena chokaa ni rahisi kuliko rangi yoyote ya dukani. Mama alifurahi mpaka alipoona Fundi anailoweka kwenye pipa na kuitupia kiganja cha chumvi ya kupikia.

"Tunatibu chumvi kwa chumvi?"

"Ili ishike, mama."

Ni kweli, mafundi wa zamani walifanya hivyo. Lakini jaribu kumweleza mzazi aliyetoka kusikia kwamba adui wa nyumba yake ni chumvi. Mambo yakazidi Fundi alipoanza kupaka, maana chokaa mbichi ukutani haionekani. Ni maji matupu, ukuta unabaki kijivu vilevile, na weupe unakuja taratibu kadiri inavyokauka. Mama hakujua hilo. Aliutazama ukuta wake uliolowa, akamtazama Fundi, akaingia ndani na kufungia pochi yake kabatini. Kesho yake asubuhi ukuta ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Pochi haikutoka.

Ulikuwa mweupe wote, isipokuwa pale juu ya dirisha la kushoto. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Ilibidi maandishi ya baba mdogo yapigwe msasa mpaka yaishe, na Fundi alianza kuyapiga msasa, tena alianza mwanzoni mwa neno la tatu kwa kuwa ndipo ngazi ilipofika, lakini akapigiwa simu. Simu ya fundi ikiita kazini maana yake kuna kazi nyingine, na ile nyingine huwa ya haraka siku zote. Aliporudi alikuwa amesahau, akapaka juu kwa juu. Herufi nyekundu zikaikataa chokaa, zikajitokeza upya. Zilizokosekana ni zile tu alizowahi kuzifuta. Ukuta mpya, mweupe, ukasomeka: NYUMBA HII, kisha pengo safi, kisha UZWI.

Dalali hana haja ya herufi zote. Wa kwanza alifika kabla Fundi hajaosha brashi. "Bosi, nimeona mmepaka. Nina mteja kashika hela." Nikamwambia haiuzwi. Akacheka kwa adabu, maana katika kazi yake neno hilo ndilo bei ya kuanzia. Wa pili hakuuliza. Alikuja na mume na mke, akawapitisha ukumbini hadi uani, akawaonesha choo chetu na kusema kinaweza kuhamishwa. Walikuwa wameshamlipa hela ya kuoneshwa, kwa hiyo waliona wana haki ya kufungua madirisha. Yule mama aliniuliza kama majirani ni watulivu.

Yote hayo yangevumilika kama mpwa wangu asingepiga picha. Aliituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp na maneno mawili: "Kazi imeanza." Alikusudia kazi ya rangi. Simu zikaanza kuingia kutoka Tanga, Morogoro na Muscat. Shangazi wa Lindi hakupiga. Alipanda basi. Alfajiri tukamkuta barazani amekalia begi, mkononi ana bahasha yenye nakala ya karatasi za mirathi, zilizofunikwa nailoni dhidi ya mvua na wajanja.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Mmeuza shilingi ngapi?"

Bahati yake njema ni kwamba aliketi barazani kabla ya baraza kupakwa. Sakafu za zamani zilikuwa za saruji iliyochanganywa na unga mwekundu, zikasuguliwa mpaka zikang'aa, na Mama alitaka wekundu ule urudi. Kuvunja na kumwaga upya kungekula bajeti na deni juu, kwa hiyo tukanunua rangi nyekundu ya sakafu. Rangi ya mafuta hulainishwa kwa tina. Fundi alipewa fedha ya tina, akanunua mafuta ya taa. Nimesikia utetezi wake: vyote viwili vinalainisha, harufu ni karibu moja, na chenji ilimtosha kula mchana. Anachosahau ni kwamba tina huruka upesi ikaiacha rangi ikauke, lakini mafuta ya taa hayana haraka. Rangi iliyochanganywa nayo huonekana imekauka, hung'aa, huvutia kukaliwa, na chini inabaki inanata.

Tuliweka kamba, tukaweka na matawi ya mti, alama ambayo barabarani kila dereva wa daladala anaielewa. Wazee si madereva. Ilikuwa Ijumaa, wamerudi msikitini wakiwa na kanzu nyeupe, na baraza limekuwa lao tangu enzi za babu. Wakaondoa matawi, wakaketi, wakaagiza kahawa. Mchezo ulikuwa mtamu siku hiyo. Hakuna aliyeinuka mpaka adhana ya magharibi. Walipoinuka, kwa taabu kidogo, kila mmoja akaondoka na sehemu yake ya baraza letu. Waliwahi swala hivyohivyo. Walioswali safu ya nyuma yao wanasema ilihitaji imani kubwa kubaki kimya.

Wazee waligoma. Mwuza kahawa akahamia kwa jirani, drafti ikamfuata. Dobi aliyezitoa zile kanzu madoa alitulipisha fedha nyingi kuliko alizolipwa Fundi, na moja haikutoka kabisa; mwenyewe huivaa siku anazopita mbele ya nyumba yetu.

Mlango tuliuachia mjomba, ambaye aliwahi kuishi Unguja na haruhusu mtu asahau. Alitueleza habari za milango ya Mji Mkongwe, ile iliyochongwa minyororo, mawaridi na samaki. Husemwa kwamba tajiri wa zamani alisimamisha mlango kwanza, nyumba ikafuata, ili anayepita ajue mapema anajenga nani. Hapo nilimkubali mjomba, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa kuwa mbele ya nyumba ni tangazo, na mwenye nyumba si yeye anayechagua linatangaza nini. Kisha akafika kwenye njumu za shaba zenye ncha. Asili yake, hadithi inasema, ni India, ambako zilizuia tembo wasisukume milango kwa vichwa.

"Unguja kuna tembo?" akauliza Mama.

"Hakuna."

"Na Tandika?"

Hata hivyo njumu alizitaka. Ila shaba hatukuimudu. Watoto wakatoa wazo, nami bado naliona zuri: vizibo vya soda, vikapigiliwa msumari katikati, vikapakwa rangi ya dhahabu. Juu ya mbao ya mninga iliyopigwa vanishi, ukisimama ng'ambo ya barabara, ulikuwa mlango wa sultani. Shida ilikuja kampuni moja ya vinywaji ilipotangaza kwamba chini ya baadhi ya vizibo vyake kuna zawadi. Vyetu vilikuwa vya zamani, lakini watoto wa mtaa hawakutaka kubahatisha. Waling'oa vyote vya chini, mpaka urefu wa mtoto wa darasa la nne. Vya juu vingalipo.

Maua sina mengi ya kusema. Tulikata matairi, tukayapaka chokaa iliyobaki, tukapanda asumini upande mmoja, mrehani na mchaichai upande wa pili. Asumini ililiwa na mbuzi. Mrehani unaendelea. Mchaichai unapungua kila alfajiri, na majirani wetu wana chai yenye harufu nzuri sana.

Siku ya wageni baraza bado lilikuwa linanata. Mama aliligusa kwa kidole asubuhi, mchana, na gari lilipokuwa linakata kona. Upanga wangekanyaga pale kwa makobazi na mabaibui yao, tungeirudisha posa kwa dobi. Ikabidi mshenga awapitishe kichochoroni kwa jirani, waruke mtaro, wainame chini ya kamba ya nguo alizofua shangazi, waingie kwa mlango wa uani, wapite jikoni penye sufuria za pilau na moshi, mpaka sebuleni. Usiku waliondoka kwa njia ileile, kwa kurunzi. Mpaka leo hawajui ukuta wetu una rangi gani. Mahari yalikubaliwa upesi. Mzee wao alisema amependa kupokelewa kindugu, kwa uani, bila makuu. Mama alitabasamu kwa shida kubwa.

Baba mdogo ameitwa, amepanda ngazi na kuandika upya, safari hii kwa rangi nyeusi, akaongeza neno KABISA. Shangazi alimshikia ngazi na kuhakikisha kila herufi, kisha akarudi Lindi na bahasha yake. Madalali bado wanapita, ila sasa wanapunguza mwendo tu. Baraza nalo limekauka, na wazee wamesharudi, ingawa hukaa juu ya magazeti.

Nawe ukiamua kupendezesha mbele ya nyumba yako kwa fedha kidogo, chokaa nakushauri kwa moyo wote. Maandishi ya zamani yapige msasa yaishe yote, au usiyaguse kabisa. Na tina, tafadhali, usimpe fundi fedha yake. Nenda dukani ununue mwenyewe, umkabidhi chupa.