Amplifaya ya Valvu na Magonjwa Yake

Amplifaya ya valvu haiharibikii nyumbani. Mahali pake pa kuharibikia ni ukumbini, na wakati wake ni pale mshereheshaji anapowaomba wageni watulie ili baba wa bibi harusi aseme neno. Kibosho, Jumamosi iliyopita, mzee alikuwa amefika kwenye jina la binti yake pale spika ilipoanza kutangaza msiba: marehemu ni nani, ibada ni saa ngapi, habari ziwafikie ndugu wa wapi na wapi. Gitaa lilikuwa limelazwa kitini, hakuna aliyeligusa. Ukumbi mzima ukamgeukia mwenye gitaa. Mama mmoja wa meza ya mbele akauliza, kwa huruma kabisa, kama huyu kijana hawezi kujitafutia kinanda kama wenzake.

Tukio la namna hiyo lina maelezo yake, ingawa hakuna mgeni wa harusi aliyewahi kuyaomba. Valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani yake kuna uzi unaopashwa moto, mara nyingi kwa volti 6.3, na joto hilo huifanya kathodi imwage elektroni, nazo zikakimbilia anodi yenye volti mia mbili au zaidi. Hadi hapo ni kazi ya Mwingereza John Ambrose Fleming, mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akatia gridi katikati ya njia: waya mwembamba ambao elektroni hupenya baina ya nafasi zake. Volti kidogo tu kwenye gridi hubana au hufungulia mkondo wote, kama mtu wa Marangu anavyougeuza mfereji mzima kwa gome la mgomba na teke moja la udongo. Gitaa hutoa sehemu ndogo tu ya volti moja. Ikipita kwenye valvu ya ECC83, hutoka imekuzwa mara hamsini hivi, kabla hata haijafika kwenye valvu kubwa za kusukuma spika. Uzuri wa kifaa na balaa lake vinatoka hapo hapo, kwa sababu gridi haichagui. Hukuza kila kinachoifikia.

Kebo ya gitaa ambayo wavu wake wa nje umekatika kwenye jeki si kebo tena, ni antena ya mita kadhaa. Mawimbi ya redio huingia nayo, na gridi ikizidiwa huyachuja yenyewe, ikaacha sauti ya mtangazaji peke yake. Redio nyingi za zamani zilifanya kazi hiyo hiyo kwa makusudi. Dawa ni kulehemu upya jeki, kisha kuweka rezista ya kiloomu 68 pale pale kwenye mguu wa gridi, isiwe mbali nao. Rezista hiyo ni ya bei ya pipi. Kwa bei ya pipi, marehemu yule asingehudhuria harusi.

Kabla ya kufungua boksi lakini, kuna jambo la kutangulia. Kapasita kubwa za umeme hubaki na volti mia tatu, mia nne, hata plagi ikiwa imeshachomolewa na chai imeshanywewa. Hutolewa umeme kwa rezista yenye waya uliofunikwa vizuri, mita ikithibitisha, na mkono wa pili ukiwa mfukoni ili umeme usipite kifuani. Bisibisi ya kupiga shoti na cheche ni ujasiri wa kuwaonyesha watoto, na huharibu kapasita.

Ugonjwa unaofuata ni mngurumo, na huu ndio wenye utamu. Umeme wa Tanzania hubadilika mara 50 kwa sekunde. Mngurumo wa mara 50 hutokea kwenye nyaya za uzi wa moto au kwenye ethi iliyolegea. Wa mara 100, wenye mkwaruzo, hutokea kwa sababu umeme ukishanyooshwa huja kwa mapigo maradufu, na kapasita zilizopaswa kuyalaza zimekauka kwa uzee. Asiye na mita ya kupima mapigo anaweza kutumia gitaa lenyewe. Kamba nene, freti ya tatu, ni nota ya G, ambayo ni mapigo 98. Mngurumo wa 100 unakaa juu yake kidogo tu, na ule wa 50 uko oktavu moja chini. Kwa maneno mengine, amplifaya mbovu huimba G, G iliyopanda kidogo, mchana na usiku. Kwaya iliyopewa sauti kwenye F huanza vizuri, na kufikia ubeti wa pili imeshaanza kupanda mlima kuufuata mngurumo, mwalimu akipunga mikono kama anayeomba lifti Himo. Baada ya ibada hulaumiwa sauti ya tatu.

Hulaumiwa pia valvu, daima. Valvu inawaka, inaonekana, na kila anayechungulia nyuma ya boksi huinyooshea kidole: hiyo hapo, taa imeungua. Kwa kawaida haijaungua. Valvu hupimwa kwa kugongwa taratibu na ncha ya penseli: ikilia kengele kwenye spika, vyuma vya ndani vimelegea. Bamba la anodi likigeuka jekundu, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita inayoiletea valvu sauti kutoka hatua iliyotangulia, ambayo imeanza kuvujisha volti kwenye gridi. Fundi akibadilisha valvu bila kugusa kapasita, mpya nayo itakuwa nyekundu.

Na hiyo mpya haipo Moshi. Haipo Double Road, haipo Mbuyuni, na Kiboriloni yapo makoti ya kila taifa lakini valvu ya EL84 hakuna. Valvu za gitaa leo hutoka viwanda vichache vya Urusi, Slovakia na China. Machi 2022 Urusi ilipozuia bidhaa kadhaa kuuzwa nje, wapiga gitaa wa dunia nzima walijua mji wa Saratov, wenye kimoja cha viwanda hivyo, uko wapi. Kifurushi kikifika, dirishani posta ataulizwa mwenye nacho kama ni balbu, na kama ni balbu mbona ghali hivyo.

Wanaomshauri mpiga gitaa anunue sabufa husahau pia historia. Bendi za dansi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi, polisi, jeshi. Gitaa na amplifaya vilikuwa vya mwajiri. Mtu alijaza kumbi miaka ishirini, na siku ya kuondoka aliondoka na vidole vyake. Vyombo vilibaki stoo, panya wakala koni za spika. Sasa yupo aliyefanikiwa kumiliki kimoja, na fundi wa redio aliyekijua amekufa bila mtu kupelekwa kujifunza kwake. Harusini mpiga gitaa hulipwa baada ya mshereheshaji, baada ya mpiga picha na kidroni chake, na baada ya keki. Kipo kikohozi maalumu cha mweka hazina wa kamati kinachotangulia maneno "tutawasiliana".

Umeme mdogo ni ugonjwa wa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani na kila mji kuanzia Machame hadi Rombo umewasha majokofu. Volti 230 zikishuka hadi 180, zile 6.3 za uzi wa moto huwa 4.9, na sauti huwa ya mtu aliyeamshwa usingizini. Eddie Van Halen wa Marekani alikuwa na chombo cha kupunguza volti kwa makusudi ili apate sauti ya namna hiyo. Migombani hutolewa bure.

Unyevu wa masika huingia kwenye soketi za valvu na kuleta mikwaruzo: zisafishwe kwa spiriti, zikaushwe.

Mende hupenda joto la transfoma. Rau, siku ya kipaimara, mmoja alipiga shoti na harufu ikafika madhabahuni.

Amplifaya iliyoletwa na mjomba kutoka Marekani ni ya volti 120. Isichomekwe.

Fyuzi iliyokatika hubadilishwa kwa fyuzi ya kiwango kile kile, si kwa karatasi ya sigara. Karatasi haikatiki, transfoma ndiyo inayokatika.

Mwisho ni spika. Transfoma ya kutolea sauti isiyokuta spika hujirudishia volti nyingi mno, ikajitoboa yenyewe kwa ndani, na transfoma hiyo ndicho kifaa ambacho hata Saratov hawakiuzi. Kabla ya kuwasha, jeki ya spika ikaguliwe kwanza, na omu za spika zilingane na zilizoandikwa nyuma ya boksi. Kama maandishi ya spika yenyewe yamefutika, mita itaonyesha pungufu kidogo: spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, nayo ni nzima.