Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mama Judith Suminwa Tuluka, Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Baraka, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini

Mheshimiwa Mama Waziri Mkuu,

Nakuandikia kwa niaba ya akina mama wa Baraka na wa Fizi nzima. Naomba radhi kwa kukuchukulia muda katika siku ambazo nchi inakuita kila upande. Naomba radhi pia kwa kuiandika barua hii hadharani. Hatukusudii kukutahayarisha mbele ya watu. Kutoka kwetu hadi Kinshasa ni mbali, na tulipenda majirani nao waisome, watusahihishe pale tulipokosea.

Ulipoteuliwa tarehe 1 Aprili 2024, mwanamke wa kwanza kuiongoza serikali ya nchi yetu, furaha ilifika hadi mwaloni. Tulijua pia kwamba tangu Machi 2023 ulikuwa Waziri wa Mpango, wizara yenye dhamana ya programu ya maendeleo ya wilaya 145, na Fizi ni mojawapo ya hizo. Kwa hiyo ninamwandikia mtu anayeijua ramani. Uniruhusu tu, Mheshimiwa, niseme kidogo juu ya watu waliomo ndani ya ramani hiyo.

Fizi ina zaidi ya kilometa za mraba 15,000 na sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja. Wengi wetu tuliikimbia mwaka 1996 na miaka iliyofuata, tukalelewa au kuzalia katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Kuanzia 2005 tulianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma. Tuliteremka Baraka na mikeka na masufuria, tukakuta nyumba zimekuwa vichaka. Soko unaloliona leo, pamoja na mawese ya Mboko, ndakala (dagaa) wa Kazimia, muhogo, karanga na mchele, kwa sehemu kubwa limesimamishwa na wanawake, bila mkopo wa benki yoyote.

Nasema haya kwa unyenyekevu kwa sababu moja. Wageni wengi wema huja kutufundisha ujasiriamali. Tunawashukuru kwa dhati, nasi tumekaa katika semina zao na kuandika daftari zikajaa. Lakini mwanamke anayenunua ndakala alfajiri, akaanika kabla jua halijawa kali, akapakia kabla mvua haijashuka, na jioni akawa ameshajua nani atamkopesha mtaji wa kesho, huyo ujasiriamali anao. Anachokosa ni mtandao wa simu unaofika pale anapofanyia kazi, umeme wa kuichaji simu hiyo, na mahali pa kupata noti pale pesa inapoingia ndani ya simu.

Nikuombe unisikilize juu ya mafuta, maana ndiyo biashara ninayoifanya. Mama aliyekamua mawese kijijini humngoja mnunuzi afike na gari au mtumbwi. Mnunuzi huyo ametoka Uvira asubuhi, anajua bidoni la lita 20 linauzwaje kule. Mama hajui. Bei husemwa mara moja, na gari haliwezi kungoja hadi kesho. Mama akipata mtandao, humpigia dada yake mjini, humuuliza, kisha hurudi kwa mnunuzi na jibu lake mwenyewe. Simu hiyo haimgeuzi tajiri, lakini inampa nafasi ya kukataa. Ndani ya mji wa Baraka nafasi hiyo ipo. Ukielekea kusini upande wa Kazimia, au ukipanda Lulenge, mtandao unakatika, na kuna vijiji ambako watu hupanda kilima ili wapate laini.

Haya yameshapimwa kwingine. Mtafiti Robert Jensen aliwafuatilia wavuvi wa dagaa wa Kerala, India, wakati simu zilipoanza kufika pwani yao kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu, ufukwe mmoja ulikuwa ukitupa samaki siku ileile ambayo katika ufukwe wa pili wanunuzi walirudi mikono mitupu. Baada ya simu utupaji huo ulikoma. Katika matokeo aliyoyatoa mwaka 2007, faida ya wavuvi ilikuwa imepanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji imeshuka kwa asilimia 4. Ndakala wetu ni samaki wa jamaa hiyohiyo, wanaoharibika vilevile upesi.

Jambo la pili ni pesa kusafiri. Mheshimiwa Mama, barabara ya taifa namba 5 inatupitisha kwenye bariere nyingi, nawe unajua hofu ya mwanamke anayepita bariere akiwa na mtaji wake kiunoni. Mwezi Februari 2025 Bukavu ilitekwa, na benki za kule zikafunga milango. Desemba mwaka huohuo vita vikafika Uvira, na ndugu zetu wakashuka kwetu na watoto wao. Katika miezi hiyo pesa ya simu ndiyo iliyotuwezesha kutumiana fedha za chakula. Wasomi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo nchini Kenya ilizitoa katika umaskini familia 194,000, na kwamba wanawake 185,000 waliacha kutegemea kilimo pekee wakaingia biashara. Hapa kwetu ilianza kuenea mwaka 2012. Shida ni kwamba ukifika kwa wakala na makuta yako ndani ya simu, mara nyingi anakuambia hana noti, au zilizobaki ni dola zenye kuchanika kidogo ambazo hakuna anayezipokea sokoni. Mwenye haraka hukatwa zaidi ya kiwango kilichobandikwa ukutani.

Tena kuna kasha. Vikundi vyetu vya akiba huweka pesa katika kasha la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanawake watatu. Mtindo huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, nasi tunaupenda kwa sababu kila mtu anaona pesa ikihesabiwa mbele yake. Lakini risasi zikilia, kasha halibebeki pamoja na mtoto mgongoni. Mimi ni mwandishi wa kikundi chetu, na kitu ninachokiogopa kuliko kulipoteza kasha ni kulipoteza daftari, kwani bila daftari hata wale waliookoka hawajui nani anamdai nani, na urafiki wa miaka huvunjika. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kuna huduma iitwayo M-Koba tangu 2019, inayokiwezesha kikundi kuweka akiba kwa simu na kila mwanachama kuona kilichoingia na kilichotoka. Tungeomba Benki Kuu iyasaidie makampuni yetu kufungua akaunti za vikundi kwa njia ya namna hiyo, kwa Kiswahili, na kwa simu ndogo ya vitufe, kwa maana ndiyo tuliyo nayo wengi.

Katika jambo moja ningeomba serikali iende polepole. Mikopo ya simu isitangulie. Kenya iliwaacha wakopeshaji wa aina hiyo waenee, na mwaka 2022 Benki Kuu yake ikalazimika kuwawekea kanuni. Kwa mama ambaye biashara yake inaweza kukatizwa na vita usiku mmoja, deni linalokua kila siku ni hatari kuliko kukosa mkopo.

Tunaishukuru pia Jamhuri kwa sheria ya 15 Julai 2016, iliyorekebisha Sheria ya Familia ya 1987 na kumwondolea mke aliyeolewa ulazima wa kuomba idhini ya mume kabla ya kufanya shughuli za kisheria. Sheria ni njema. Hata hivyo laini nyingi za wanawake zimeandikishwa kwa jina la mume au kaka, kwa sababu mama hana kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, au aliipoteza wakati wa kukimbia. Laini ikiwa si ya jina lako, hata pesa iliyomo si yako kwa hakika. Mume akifariki au akiondoka, biashara nayo imeondoka.

Basi, Mheshimiwa Mama, kwa heshima ileile tunaleta maombi yetu. Sheria ya mawasiliano ya 25 Novemba 2020 ina mfuko wa kupeleka huduma ya simu kule ambako makampuni hayaoni faida. Tunaomba mfuko huo, unapochagua mahali pa kujenga minara, uhesabu mialo na masoko ya vijijini, na usitosheke na makao makuu ya wilaya na sekta. Mnara uwe na umeme wa jua, kwa kuwa mafuta ya jenereta hayafiki vita vinapofunga barabara, na chini yake pawe na chumba cha kuchajia simu kinachosimamiwa na kikundi cha wanawake. Tunaomba ofisi za serikali ziwape vitambulisho wanawake waliopoteza karatasi zao, wafuatwe vijijini mwao bila kutozwa nauli ya kwenda mjini.

Tuko tayari kutoa kiwanja na mikono ya kubeba mawe. Tunaomba Kazimia iwe ya kwanza kupata mnara.

Kwa unyenyekevu na heshima kubwa,

Mwandishi wa kikundi cha akiba cha akina mama, Baraka