Viti Vimejaa, Waliovikalia Je?

Msyuu! Nimesonya, na nitasonya tena. Asubuhi hii, magari ya mashirika yakipita hapa Makere kutoka Kasulu kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kijana mmoja wa bodaboda aliyasindikiza kwa macho, akasema: "Wale ndio wanaoishi. Kiti, kivuli, chai, mshahara mwisho wa mwezi. Mtu wa ofisini anaumwa na nini?" Wenzake wakacheka, wakagongeshana mikono. Mama anayetuuzia vitumbua akamjibu bila hata kugeuka: "Mwanangu, wewe hujawahi kuwapelekea chai." Kijiwe kikanyamaza. Mimi naungana na mama.

Sisi Watanzania tumezoea kuipima ofisi kwa viti. Mnakumbuka Novemba 2015? Rais Magufuli, siku moja tu baada ya kuapishwa, alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu. Nchi nzima ilimpigia makofi, na alistahili. Mwananchi aliyedamka alfajiri na faili lake kwapani hastahili kuambiwa "bosi katoka kidogo" tangu saa mbili hadi saa nane. Kuwahi kazini ni deni, na deni hulipwa. Lakini viti vilipojaa, tukaridhika. Nani aliuliza waliovikalia wanaendeleaje? Wanasemeshana au wamenuniana? Wanasaidiana au wanachimbana? Hilo hatukuliuliza, na ndilo linaloamua kama mwananchi atahudumiwa au atazungushwa.

Makere tuna pa kujifunzia. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, walipokimbilia huku Wakongo kwa vita vya kwao. Mwaka 2015 wakaongezeka Warundi, wakipindukia laki moja, na kambi ikaingia katika orodha ya zile kubwa kabisa duniani. Kazi ya kuwahudumia watu hao haifanyiki kwa simu kutoka sebuleni. Wakati wa korona tulisikia wenzetu wa miji mikubwa ya dunia wakifanyia kazi vyumbani mwao, na mpaka leo wengine hawataki kurudi ofisini. Mkunga hapokei mtoto kwa intaneti. Anayegawa unga lazima awe kwenye mizani. Kwa hiyo huku kwetu swali la kwenda kazini au kutokwenda halipo. Swali ni moja: mtu akishafika kazini, anakutana na nini?

Wengi wa hao watumishi wametoka mbali: Mwanza, Arusha, Dar es Salaam. Mke yuko huko, watoto wanasoma huko, na mkataba wenyewe ni wa mwaka mmoja mmoja. Asubuhi barabarani, jioni barabarani. Kiangazi vumbi, masika utelezi. Mchana kutwa anasikiliza habari za watu waliopoteza nyumba na wazazi. Jioni anarudi chumba cha kupanga, anafunga mlango, hana wa kumsimulia. Mtu wa namna hii, wenzake wa kazini ndio ndugu alionao. Wakimtenga, amekwisha. Halafu tunasema hana kinachomuuma kwa sababu amekalia kiti?

Sasa nakuja kwenye linalonisonyesha zaidi. Ndani ya uzio mmoja wa ofisi za kambini utawakuta watu wa namna tatu: mgeni wa kimataifa, Mtanzania wa mkataba, na mkimbizi wa "insentivu". Huyu wa tatu ndiye anayefundisha darasani, anayezunguka nyumba kwa nyumba kuulizia watoto wenye utapiamlo, anayetafsiri Kibembe ili daktari aelewe mgonjwa anaumwa wapi. Hapewi mshahara. Anapewa posho ndogo ya motisha, sehemu tu ya anacholipwa Mtanzania anayefanya naye kazi bega kwa bega. Najua pengo hilo halizibwi na msimamizi wa kitengo. Ni mambo ya sera na bajeti za wakubwa. Lakini kumwita mtu kwa jina lake, badala ya "we insentivu", hakuhitaji bajeti. Kumwalika kwenye kikao cha asubuhi hakuhitaji kibali cha makao makuu huko Geneva. Ukimwacha nje ya kikao, umeyaacha nje yote anayoyajua kuhusu watu unaodai kuwahudumia.

Mama wa vitumbua anaijua hali ya ofisi nyingi kuliko wakaguzi. Anasema ofisi ya watu wanaopatana huagiza chai kwa pamoja: birika moja, sahani moja, na bosi anachangia kama wengine. Ofisi iliyooza, kila mtu anamtuma kijana kivyake, mmoja anakula garini, mwingine amejifungia, wa tatu anashinda njaa kwa sababu hataki kukutana na wa kwanza. Na wote hao asubuhi wamesaini daftari moja. Mahudhurio asilimia mia moja!

Kisha kuna muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya dakika 60, likizo ya mwaka siku 28, mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hiyo ni sheria ya nchi, si fadhila ya bosi. Lakini simu imeifanya ofisi iingie mpaka chumbani. Saa nne usiku kundi la WhatsApp linalia: "Ripoti iko wapi?" Asiyejibu anaonekana hana moyo wa kazi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu zao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko mwenzake wa saa 35 hadi 40. Huku kijijini mtu akianguka ghafla, mdomo umepinda, tunaanza kutafuta nani kamroga. Hebu tuulize kwanza alikuwa analala saa ngapi.

Na lugha ya mabosi, je? Mzee mmoja hapa kijiweni, aliyefanya kazi kiwandani enzi za Mwalimu Nyerere, alitukumbusha Mwongozo wa TANU wa 1971. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na udhalimu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho wakasimamisha kazi, na si kwa ajili ya mishahara tu, bali pia kwa ajili ya mameneja waliowatukana. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na bado kuna mkuu wa idara anayemfokea mtu mzima mbele ya watoto wa mazoezi ya kazi. Msyuu! Uliyemfokea leo, kesho ataona mahesabu hayalingani na atanyamaza. Ushirikiano huanza kufa hapo, na wananchi ndio wanaoubeba msiba.

Hofu nayo inaua kazi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Juni mwaka huo shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, likatangaza kufuta nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Tetemeko hilo tulilisikia huku kwenye vyumba vya kupanga, kwenye sahani za mama ntilie, kwenye pikipiki zisizopata abiria. Panapotajwa kupunguzwa watu, jirani wa meza anageuka mpinzani. Mtu anaficha taarifa ili ionekane hawawezi bila yeye. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Nawalaumu viongozi wanaojua ukweli miezi mitatu kabla na kuwaacha watu waokote habari kwa madereva.

Tusiwasahau na walio peke yao. Mtendaji wa kijiji ana ofisi, bendera na muhuri, lakini hana mwenzake wa kumuuliza, "Hili la mpaka wa shamba tulimalizeje?" Matusi ya siku nzima anayameza mwenyewe. Mlinganishe na mwalimu mgeni anayeingia ofisi ya walimu, akakuta mwalimu mzee wa kumwonyesha namna ya kulituliza darasa la watoto themanini, na akifiwa, wenzake wanachanga rambirambi na kumsindikiza stendi. Mshahara wake haujaongezeka hata shilingi, ila mwaka wa pili bado yupo, na watoto wanajua kusoma. Hiyo ndiyo faida ya watu kukaa pamoja. Mimi siipingi ofisi. Naipinga ofisi inayowakusanya watu kisha ikawatenganisha.

Kwa hiyo wakubwa, wa serikalini na wa mashirika, mnaopita hapa vioo vikiwa juu, nisikilizeni. Daftari la mahudhurio liendelee, sawa. Lakini mkae mezani na watu wenu walau chai ya saa nne. Kikao cha asubuhi kimhusu kila anayefanya kazi, awe wa mkataba au wa insentivu. Baraza la wafanyakazi likutane kweli, lisiwe la kupiga picha tu. Baada ya saa za kazi, simu za kazi zinyamaze isipokuwa kwa dharura. Na mkataba ukikaribia kwisha, mwambieni mtu ukweli mapema.

Na wewe kijana wa bodaboda, ukimbeba mtumishi jioni na ukamwona kimya, msalimie na umuulize siku yake ilikuwaje. Huenda kutwa nzima hakuna aliyemuuliza.