Tisa Hadi Moja: Timu za Kigoma Zilizowaka na Kuzimika

Mwambie mtu wa Kigoma kwamba mkoa wake haujui mpira, utakesha naye hadi alfajiri akikutajia majina. Muulize timu ya mkoa iko wapi, na kwa miaka mingi angebadilisha mazungumzo akuulize kama umeshakula mgebuka. Wachezaji tumetoa, mashabiki tunao wa kugawa, uwanja upo. Kilichokuwa kinatuponyoka ni timu yenyewe: inazaliwa, inapendwa, kisha mwenye nayo anafunga ofisi na kuondoka nayo. Nahesabu kwa kurudi nyuma, na wazee wa vijiweni Ujiji wana ruhusa ya kunipinga kuanzia namba ya kwanza.

9. Reli

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikasimama, maana mbele yake ni maji. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 1,250 hivi. Timu ya pwani ikija huku kwa treni inapita Morogoro ikiimba, inapita Dodoma ikipiga soga, na ikifika Tabora wachezaji wanaanza kuulizana nani alipanga hii ratiba. Wakiteremka stesheni, kipa anadaka usingizi.

Cheka, lakini piga na hesabu. Mgeni anaulalamikia umbali huo mara moja kwa msimu. Timu ya Kigoma inaubeba kila inapocheza ugenini, iwe Tanga, Songea au Mtwara. Nauli, chakula cha njiani, malazi, na beki mmoja mwenye malaria amebaki Tabora. Timu nyingi za huku zilianza kufungwa kwenye hesabu za safari kabla hazijafungwa uwanjani.

8. Ujiji dhidi ya Mwanga

Manispaa ni moja, Kigoma-Ujiji, ila mioyo ni miwili. Ujiji ni mji wa misafara, ulikuwa na wenyewe na sokoni kwake kukinguruma zamani kabla Stanley hajamkuta Livingstone pale mwaka 1871. Kigoma mjini, Mwanga ikiwemo, imekua na reli na bandari. Mtu wa Ujiji atakuambia chenga zimezaliwa kwao, mchangani, chini ya miembe. Mtu wa Mwanga atakujibu kwamba chenga bila goli ni ngoma tu. Wote wawili wana haki, na wote wawili wakikutana na mtu wa Tabora wanakuwa ndugu wa tumbo moja.

7. RTC Kigoma

Hapa nakaa kidogo, vijana wasogee.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya jumla ilishikwa na serikali, na katika miaka ya 1970 kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara: RTC. Sukari, sabuni, khanga, betri za tochi, vyote vilipitia kwenye ghala lake. Mwenye sukari ndiye mwenye mji, na mwenye mji lazima awe na timu. Bukoba kulikuwa na RTC Kagera, Mwanza walikuwa na RTC yao, na sisi tukawa na RTC Kigoma, timu iliyobeba jina la mkoa katika miaka ya 1980.

Kwenye karatasi mpira wa Tanzania ulikuwa wa ridhaa. Kwa vitendo, mchezaji mzuri alipewa ajira. Jina linaingia kwenye orodha ya mishahara, asubuhi yuko ghalani au dukani, jioni yuko mazoezini, mwisho wa mwezi anachukua chake kama karani mwingine yeyote. Kwa kijana wa Ujiji wa wakati ule, huo ndio ulikuwa usajili: hakuna wakala wala picha akiwa ameshika jezi, kuna barua ya kazi yenye muhuri.

Mfumo huu ulimfunza shabiki adabu ambayo leo haipo. Beki wa kati akijifunga Jumamosi, unamzomea vipi, na Jumatatu yeye ndiye yuko upande wa ndani wa kaunta, wewe uko kwenye foleni ya sukari? Unameza mate, unasema, “Kaka, mpira ndivyo ulivyo,” unaomba kilo zako mbili.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, soko likafunguliwa, wafanyabiashara binafsi wakaleta sabuni kutoka kila pembe. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na kampuni za mikoa, moja baada ya nyingine, zikafa au zikauzwa. Duka lilipokosa kazi, winga naye alikosa mshahara. Hakuna mpinzani aliyeifunga RTC Kigoma mabao ya kuiua. Ilifia kwenye daftari la hesabu, na mji mzima ukabaki bila hata kocha wa kumlaumu.

Na mimi ninachosema tangu hapa hadi namba moja ni hiki tu: tuliipenda timu kwa moyo wote, ila haikuwa yetu.

6. JKT Kanembwa na yale manane

Timu ya kambi ya Kanembwa, kule Kakonko, iliubeba mkoa hadi Ligi Daraja la Kwanza. Majirani wakasema basi, sasa Ligi Kuu inanukia. Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C, Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa 8-0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora, waliokuwa wakiwania na Geita nafasi ya kupanda Ligi Kuu, wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Mabao 15 kwa mechi mbili, na yote yanahitajika kwa tofauti ya mabao! TFF, shirikisho la soka la nchi, haikuhitaji miwani. Ilihukumu kwamba matokeo yalipangwa, timu zote nne zikashushwa, na nafasi ya kupanda ikawaangukia Mbao wa Mwanza waliokuwa wamekaa kimya pembeni.

Mbao nao hawakukaa bure: mwaka uliofuata walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba kule Dodoma. Sisi tulibaki na jina linalotajwa kila watu wanapozungumzia upangaji wa matokeo, na hilo linaniuma mpaka leo. Kufungwa nane unaweza kusamehewa, hata na mama yako. Kujifungisha nane ni kumdhulumu mtoto wa Kakonko aliyetembea kwa miguu kuja kushangilia.

5. Juma Kaseja

Mzaliwa wa Kigoma, kipa mfupi kwa kimo, mrefu kwa umri wa soka. Septemba 2019, watu wameshamzika kisoka, anaitwa tena Taifa Stars. Mchezo na Burundi kusaka Kombe la Dunia: sare ya 1-1 Bujumbura, sare ya 1-1 Dar es Salaam, zikaja penalti. Burundi hawakufunga hata moja. Stars 3-0. Bujumbura na Kigoma wanakunywa maji ya ziwa moja, na yule aliyewafungia mlango alikuwa jirani yao. Ujirani una mipaka yake, na mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa goli.

4. Akina Manara

Kitwana, Sunday, Kassim. Nyumba moja, na Taifa Stars ingeweza kufanya mazoezi sebuleni kwao. Kitwana, aliyeitwa Popat, alidaka langoni na baadaye akawa mshambuliaji, yaani alizuia kwanza, kisha akaona bora aende kuwasumbua wenzake wa kazi ileile.

Ila wa Kigoma kabisa kwa kuzaliwa na kwa sifa ni Sunday, “Computer”, jina alilopewa wakati ambapo Watanzania wengi hawajawahi kuiona mashine yenyewe. Agosti 1974, uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba na Yanga wanagombea ubingwa wa taifa. Simba wanaongoza kwa bao la Adam Sabu, dakika zimebaki chache, mashabiki wa Msimbazi wameshaanza kutafuta usafiri wa kurudi. Gibson Sembuli anasawazisha. Dakika za nyongeza, Sunday Manara anafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Kuna wazee wa Simba ambao ukiwatajia Nyamagana hadi leo wanajifanya hawasikii vizuri sikio la upande wako.

3. Timu ya kupita, ng'ambo ya bahari

Mwaka 1977 Sunday akaenda Uholanzi kuichezea Heracles ya Almelo, na anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Kutoka pwani ya Tanganyika hadi baridi ya Almelo! Huko nako hakukaa sana. Akavuka Atlantiki, akatua New York Eagles.

Hapo ndipo ninaposhika kichwa. Marekani wakati huo ilikuwa na Cosmos, timu iliyowahi kuchezewa na Pelé na Beckenbauer, inayojaza viwanja vikubwa. Eagles walikuwa ligi nyingine, American Soccer League, ligi ya timu za kimkoa zenye mifuko myembamba, zinazobadili miji na majina kila msimu. Si ligi ya kudharau: Eusébio, mtoto wa Msumbiji aliyeipamba Ureno, naye aliichezea New Jersey Americans katika ligi hiyohiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini Eagles walianza 1978, wakacheza misimu michache tu, na mapema miaka ya 1980 hawapo. Mwaka 1983 ligi nzima ilicheza msimu wake wa mwisho.

Yaani jamaa katoka Kigoma, kapita Yanga ya Jangwani, kapita Uholanzi, kafika nchi tajiri kuliko zote, na huko nako kaikuta timu ya aina ya RTC! Tofauti ni kwamba kule aliyefunga mkoba ni mfanyabiashara, na huku ni serikali. Mshahara ukikatika, winga wa New York na winga wa Kigoma wanauliza swali moja. Sunday hakungoja jibu. Akaendelea na safari hadi Austria, na baadaye Al-Nasr ya Dubai. Ndiyo maana nawaambia watani wa pwani: msituletee habari kwamba timu zetu hazidumu kwa sababu ya dagaa na mawese. Mfadhili mmoja akiwa ndiye nguzo pekee, nyumba inaanguka hata ikijengwa New York.

2. Julai 25, 2021

TFF ilikuwa na desturi nzuri ya kuipeleka fainali ya Kombe la Shirikisho mikoani: Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga. Mwaka 2021 zamu ikawa yetu, na waliofika fainali wakawa, jamani, Simba na Yanga. Watani wa jadi mwisho wa reli! Treni, mabasi, ndege, boti kutoka vijiji vya ziwani, kila chombo kilijaa. Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa mwekundu upande huu na kijani na njano upande ule.

Mkongo wa Yanga, Mukoko Tonombe, akalambwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, katika mji ambao hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Watu wa Kibirizi walikuwa tayari kumpa mtumbwi arudi nyumbani kabla ya mapumziko. Dakika ya 79 au 80 hivi, kona ya Luis Miquissone, kichwa cha Taddeo Lwanga wa Uganda, Simba 1-0, kombe likaondoka. Siku chache baadaye Haji Manara, mtoto wa Sunday, sauti ya Simba kwa miaka, akaachana na klabu hiyo, na Agosti akatambulishwa Yanga alikong'ara baba yake. Kigoma ikitikisika, inatikisika na ukoo mzima.

Ila jioni ile, umati ulipotawanyika, kuna jambo halikufichika: maelfu waliojaa ule uwanja walikuwa wa timu za Kariakoo. Ya Kigoma haikuwemo hata kwenye mazungumzo.

1. Mashujaa

Mwaka 2023 Mashujaa, timu ya jeshi yenye makao hapahapa, iliitoa Mbeya City kwenye mchujo na kupanda Ligi Kuu. “Mapigo na Mwendo” ndiyo kauli yao, na wakaileta Lake Tanganyika kila wiki mbili. Msimu wa kwanza tu hawakushuka. Aprili 2024 Simba wakaja kwenye Kombe la Shirikisho, wamezoea kuchukua vitu kwenye uwanja huu. Dakika 90 zikaisha 1-1. Penalti zikapigwa mpaka vidole vya kuhesabia vikaanza kukosekana: Mashujaa 6, Simba 5. Mnyama akatolewa, na bodaboda wa Mwanga waliendesha kwa mkono mmoja, mwingine uko juu.

Sasa, jeshi halifilisiki kama ghala la sukari, na hilo linanipa usingizi. Lakini sijasahau. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali ilihamishiwa Singida na kupewa jina jipya. Watu wa Mbeya walilala wana timu, wakaamka hawana. Mwenye timu ndiye mwenye uamuzi, na raia wa Kigoma bado hana kadi ya uanachama yenye kura. Anachoweza kukishika leo ni tiketi na jezi.

Kwa hiyo wewe wa Gungu, na wewe wa Buzebazeba, mliokuja siku ile ya penalti mmevaa nyekundu ya Msimbazi, halafu mpira ulipokwisha mkazikunja jezi chini ya kwapa na kuanza kuimba “Mapigo na Mwendo” kwa nguvu kuliko sisi: tumewaona, tumewasamehe. Mechi ijayo ya nyumbani nunueni jezi ya Mashujaa mlangoni, na mkae upande wetu tangu dakika ya kwanza.