Jalada la Madai Liandikishwe Shule

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania.

YAH: OMBI LA NAFASI YA MASOMO, KATA YA LUPEPO, WILAYA YA RUNGWE

Ndugu Kamishna,

Kwa heshima na taadhima tunaanza na pongezi. Siku hizi trafiki akisimamisha bodaboda pale Kiwira au Tukuyu mjini, anabonyeza simu yake na papo hapo anajua kama bima iko hai au iliisha jana usiku. Kazi nzuri. Tunachoshangaa ni jinsi macho hayo makali yanavyoingia ukungu fedha zikitakiwa kutoka zilikoingia. Mama aliyevunjwa nyonga na lori la kwenda Kasumulu anaambiwa alete fomu ya polisi ya PF 3, alete ripoti ya ukaguzi wa gari, alete ramani ya ajali, alete hukumu ya mahakama, kisha alete tena PF 3 kwa sababu muhuri wa kwanza haukukolea. Anavileta kwa magongo. Muda wa kulipa, anaelezwa kwa upole, huanza kuhesabiwa nyaraka zikikamilika. Nazo hazikamiliki.

Kule shuleni, wakati huo, mihula inakwenda. Mtoto haachi shule siku ya ajali, na ndiyo maana hakuna anayeiandika ajali kuwa sababu. Kwanza anauzwa ng'ombe wa maziwa, deni la hospitali lilipwe. Kisha shamba la ndizi linakodishwa. Kisha binti wa darasa la sita anakosa siku moja kwa wiki kumsindikiza mama kliniki Makandana, siku moja inakuwa tatu, na mwisho mwalimu anazoea. Kaka yake wa kidato cha pili anakabidhiwa pikipiki ya mtu alete hesabu jioni, bila leseni, kwenye barabara ileile, kwa bima ndogo ileile inayomlinda kila atakayemgonga isipokuwa yeye mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu milioni 20 na 50 hujeruhiwa barabarani kila mwaka bila kufa. Hesabu hiyo inaishia kwa majeruhi; dawati lililobaki wazi halimo.

Kwa hiyo tunaomba jalada la madai la kila mzazi aliyelemazwa barabarani liandikishwe katika shule ya msingi ya jirani, likalie dawati aliloliacha mwanawe. Sare haitasumbua, maana majalada mengi yameshavaa kaki. Asubuhi mstarini mwalimu wa zamu ataliita jina, nalo, likiwa limefungiwa kwenye kabati la bwana fulani aliye likizo, litaandikwa mtoro. Likizidisha, mtendaji wa kata amtume mgambo alifuate, kama anavyotumwa kwa baba aliyelala na vyuma mguuni; Sheria ya Elimu ya 1978 inambana mzazi kwa mahudhurio ya mtoto, haijambana mtu kwa mahudhurio ya fidia. Siku ya kikao cha wazazi ofisa madai wa kampuni atakaa benchi la nyuma, atachangia mahindi na maharage, na ataulizwa mbele ya watu kwa nini mtoto wake ananenepa kila muhula bila kujifunza chochote. Tunalitabiria makuu. Halishindi njaa, halitumwi maji, haliuguzi mtu. Litafika darasa la saba bila kurudia hata mara moja, na siku ya mahafali litavishwa taji la maua huku mwenye dawati akipita barabarani na abiria wawili nyuma.

Mtasema elimu ni bila ada. Ni kweli: Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaingia. Lakini kilichomtoa binti darasani si ada. Ni saa zake, ambazo sasa ziko kitandani kwa mama, na hakuna waraka unaofunga kidonda. Mtasema TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, ipo. Ipo, kwa kaya zilizokwisha kutambuliwa. Aliyekuwa na pikipiki na ng'ombe mwezi uliopita hakuwa maskini wakati orodha inaandikwa, na umaskini wake mpya bado haujapitishwa na mkutano wa kijiji. Mtasema matapeli ni wengi. Hili lina uzito, na hatulibezi. Ila kinachobishaniwa kwa kawaida ni nani mwenye kosa na alipwe kiasi gani. Kwamba mtu aliyekatwa mguu hawezi leo kubeba mkungu wa ndizi, hilo halisubiri hukumu. Lipeni kidogo kila muhula kwa ajili ya watoto, mkate kwenye fidia ya mwisho.

Tena nchi inajua kulipa kwa mwezi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humpa pensheni mwajiriwa aliyepata ulemavu mkubwa wa kudumu kazini. Mbeba ndizi wa Lupepo hana mwajiri, kwa hiyo mguu wake uliovunjika kazini unahesabiwa bahati mbaya. Mtu mzima ataweza kusubiri miaka minne. Mtoto wa darasa la sita hawezi. Mkija na mamilioni ana miaka kumi na sita, hamtamrudisha kwenye dawati hilo hata mkimbeba. Mnamlipa mama nyonga na kumdhulumu binti maisha, halafu mnapiga picha na hundi kubwa kama mlango! Samahani, Ndugu Kamishna. Turudi kwenye adabu.

Mengine ni madogo. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ifanyike wodini. Ofisi za madai zishuke kutoka ghorofani, kwa kuwa wateja wake ni watu wasio na miguu. Namba ya simu ya malalamiko ipokelewe.

Ombi la jalada likikataliwa, tujibiwe kwa maandishi kabla shule hazijafunguliwa Januari, ili mwalimu mkuu ajue dawati ampe nani.

Wenu katika kusubiri.