Mfereji wa Mchuzi

Jumatatu. Mwenye baa ya nyama choma ameagiza ubao wa mkongo, mbao ambayo wateja wengine huitaka kwa milango. Pembeni uzungukwe na mfereji, upana milimita 12, kina milimita 6, chini uwe wa mviringo. Mfereji wa pembe, anasema, mafuta hujificha humo na brashi haiyafikii. Yuko sahihi. Kazi hii ni ya bobari, patasi yenye makali ya mviringo. Bobari yangu iliazimwa na jirani, na jirani amehamia Morogoro.

Jumanne. Ruta ya kukodi, ya kuchimba mfereji badala ya bobari, imefika saa nne. Umeme umekatika saa nne na dakika tano. Mwenye ruta ameeleza kwamba malipo huanza pale mashine inapotoka kwake.

Jumatano. Patasi bapa. Nakata mshazari kutoka kila upande mpaka mistari ikutane chini; uviringo utafuata. Nyuzi za mkongo hupishana: hapa patasi inateleza vizuri, shubiri moja mbele inang'oa kibanzi. Vumbi lake linawasha pua. Mama ntilie amepiga chafya juu ya maharage, akaniomba nihamie upande wa pili. Nimehamia. Upepo nao umegeuka.

Alhamisi. Nimekata kipande cha bati la msumeno mkuukuu, nikakipiga tupa hadi ncha ikawa nusu duara, nikakibana kwenye kigogo kinachotembea ubavuni mwa ubao ili kisipotee njia. Hakichimbi, kinakwangua tu, na kwa kuwa hakiingii chini ya nyuzi, hakizing'oi. Kila mpito hutoka unga kidogo. Mzee mmoja amesimama kunitazama asubuhi nzima. Alipoondoka alisema enzi zao wangemaliza.

Ijumaa. Kona. Kigogo hakijui kukata kona, kwa hiyo zote nne ni za msasa uliozungushwa kwenye kitu cha duara. Nilimtuma kijana nondo laini, akaleta ya ujenzi, yenye mbavu. Sasa ndani ya mfereji kuna vifereji. Nimevifuta kwa msasa uleule juu ya maka peni. Mwanangu anaitafuta maka peni.

Jumamosi. Nimemimina maji nione kama yanazunguka. Yamepita kona tatu. Ya kona ya nne yamenywewa na kuku wa mama ntilie.

Jumapili. Mteja amepitisha kidole mfereji mzima, akageuza ubao, akatazama chini.
"Fundi, huku mbona hakuna?"
Nimemwambia upande huo ni wa kukaa mezani. Amesema wateja wengine hupenda kuku, na kuku asichanganywe na mbuzi.

Bei mpya: mfereji kwa mkono hupimwa kwa futi, na kila kona inalipiwa kama futi mbili. Malipo ya nusu kabla patasi haijagusa mbao.