Namna ya Kuishinda Subaru kwa Gari la Dizeli

Umenunua gari la dizeli. Ulipiga hesabu za mafuta ukaridhika, ukalileta nyumbani Desemba, ukoo mzima ukiwa umekusanyika. Mara shemeji yako akaingia na Subaru yake ya tabo, ile ambayo watu waliisikia ikiwa bado iko ng'ambo ya mto, na kabla hujamaliza kushusha mizigo akakuuliza mbele ya wazee: "Shemeji, hiyo trekta yako nayo hukimbia?"

Usijibu. Swali hilo halijibiwi kwa mdomo, wala, Mungu apishe mbali, halijibiwi kwa mguu. Hujibiwa kwa mpango. Huku Kisii na Nyamira dizeli inaweza kuitangulia petroli mchana kweupe, mradi mwenye kuchagua mlima, umbali, mpinzani na mashahidi ni wewe. Fuata hatua hizi, na usiruke hata moja.

1. Ujue ukweli, kisha uufunike

Tuseme umenunua Mazda CX-5 ya dizeli, ya lita 2.2. Farasi wake ni 175. Subaru Forester XT ya tabo iliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo hiyo ina farasi 280. Kwenye tambarare, kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, Mazda itachukua kama sekunde 9. Subaru nyingine, Impreza WRX STI, humaliza kazi hiyo kwa sekunde 5 na ushei, halafu dereva wake anapata muda wa kurekebisha kioo akutazame ukija.

Habari hiyo isome mara moja, uikunje, uiweke chini ya zulia la gari.

Sasa soma namba ya pili: torki, ile nguvu ya injini ya kuzungusha. Mazda yako ina newton-mita 420. Forester ile ina 350. Kuanzia leo hiyo ndiyo namba pekee unayoijua. Mtu akikutajia farasi, mwambie farasi wapelekwe Ngong wakashindane; sisi huku tunapanda milima.

2. Beba sayansi kidogo, ya kuchosha watu tu

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huikandamiza hewa mpaka inakuwa ya moto mkali, kisha huinyunyizia mafuta, yakajiwasha yenyewe. Kazi hiyo inataka vyuma vizito, na mafuta yenyewe hayana haraka ya kuungua. Ndiyo maana injini inaishiwa pumzi ikifika mizunguko 4,500 au 5,000 kwa dakika, wakati ya petroli inapita 6,000 ikiimba. Nguvu za farasi ni torki mara mizunguko. Petroli hukushinda kwa kuzunguka mara nyingi zaidi, na ili izunguke hivyo inahitaji nafasi.

Kazi yako basi ni moja: kumnyima mwenye petroli nafasi. Dizeli yako hufikisha torki yake yote kwenye mizunguko 2,000, kabla mguu haujashuka sawasawa. Piga pale, ondoka pale.

3. Kagua boneti kabla ya kukubali

Si kila Subaru ni ya mbio. Sogea karibu, jifanye unasifu rangi, kisha chungulia lile tundu juu ya boneti. Ukiona ndani rejeta ndogo yenye mapezi membamba ya kupozea hewa ya tabo, pongeza rangi tena, urudi ukanywe chai. Ukiona plastiki nyeusi na skrubu mbili zilizokazwa na fundi wa jua kali, hilo tundu ni la urembo. Kubali mashindano papo hapo, tena kwa sauti.

Tahadhari: Forester XT za kuanzia mwisho wa 2012 zina tabo lakini hazina tundu. Hizo zitambue kwa herufi XT kule nyuma. Na kwa kuwa herufi huuzwa dukani, usiamini wala usidharau. Muulize mdogo wa mwenye gari, huyo hasemi uongo akishapewa soda.

Ukibahatika kupata Subaru isiyo na tabo, una mtetezi mwingine: mwinuko. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda. Forester ya kawaida ya lita 2.0, yenye farasi 148, ikifika Kisii inabaki na kama 123. Wale 25 walibaki bandarini Mombasa. Dizeli yako, kwa upande wake, ina tabo, nayo huzunguka kwa kasi zaidi na kuifidia injini hewa iliyopungua. Hapo umeanza mbio ukiwa na haki, jambo ambalo halitatokea tena katika mwongozo huu.

4. Fupisha mbio

Usikubali kamwe kupelekwa mahali palipo wazi. Ukisikia mtu anataja tambarare za Narok, kumbuka una mgonjwa wa kumwona.

Uwanja wako ni kati ya tuta na tuta, kwenye kupanda. Hapo magari yote mawili yameshuka hadi mwendo wa mtu na baiskeli, mbele kuna lori la majani chai linalokokota mzigo kuelekea kiwandani, na baada ya mita mia tatu kuna tuta jingine. Wewe unakanyaga robo tu na gari linaondoka. Yeye anakanyaga yote, gia zake za otomatiki zinatafutana, tabo inavuta pumzi, na injini inapoanza kunguruma vizuri, tuta limefika. Umeshinda. Punguza mwendo, washa indiketa ambayo haihitajiki, tabasamu.

Akitaka muendelee, mkumbushe kwamba mwendo wa mwisho katikati ya miji na masoko ni kilomita 50 kwa saa, na kwamba wewe ni raia mwema. Barabara za huku hazikosi soko, kwa hiyo kinga yako ya kisheria haitakauka.

Na usipite gari kwenye kona, hata kama baba mkwe anatazama. Wachongaji wa mawe wa Tabaka wana oda za kutosha. Usiwaongezee yenye jina lako.

5. Chagua mashahidi

Mbio zisizo na mtazamaji ni matumizi mabaya ya mafuta. Tafuta steji ya bodaboda iliyo karibu na tuta la pili. Vijana wa pale ndio saa yako na ndio kamera yako. Wakikuona umetangulia, habari itafika kwa mama mkwe kabla yako, ikiwa imeongezwa chumvi bila malipo. Yaliyotokea baada ya kona hawakuyaona, na wewe huna haja ya kuwasumbua nayo.

Kama una pesa za ziada, kuna mafundi wa kuchezea kompyuta ya gari, wakaiongezea dizeli yako ya tabo farasi 30 au 40 hivi. Gari huenda likatoa na moshi mweusi. Moshi huo usiuonee haya: aliye nyuma yako hataona barabara, na asiyeona barabara hakupiti.

6. Hamisha ubishi uupeleke Ufaransa

Shemeji akikubana, acha habari za Kisii. Nenda Le Mans. Mwaka 2006 Audi R10 TDI ilishinda mbio za saa 24, dizeli ya kwanza kufanya hivyo tangu mbio hizo zianzishwe. Injini yake ya silinda 12, lita 5.5 na tabo mbili, ilitoa zaidi ya farasi 650. Ilishinda tena 2007 na 2008. Mwaka 2009 ikapokonywa taji, na aliyelipokonya alikuwa Peugeot, naye akiwa na dizeli. Mwaka huo huo wa 2006, Andy Green aliendesha JCB Dieselmax kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akavuka kilomita 560 kwa saa. Yataje haya polepole, kwa utulivu wa mtu aliyekuwapo.

Usitaje kwamba kanuni za Le Mans wakati huo ziliipendelea dizeli. Usitaje kwamba kwenye mbio za saa 24, anayesimama mara chache kujaza mafuta ana faida kubwa. Na hasa usiruhusu mazungumzo yafike Safari Rally. Huko Colin McRae alishinda 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akarudia 2000 na Impreza nyingine, na dizeli haijawahi kulibeba kombe hilo. Ukiona mdomo wa shemeji unaanza kutengeneza herufi ya "Sa", agiza soda nyingine.

7. Usishindane na Probox

Wakati wewe na shemeji mnatunishiana misuli, Probox itawapita nyote wawili. Iheshimu. Ina injini ya petroli ya lita 1.5, haina tabo, na farasi wake hawazidi 110 kabla mwinuko haujachukua fungu lake. Ndani kuna watu kumi. Juu ya keria kuna mikungu ya ndizi. Dereva amegawana kiti chake na abiria, bega moja liko nje ya dirisha, na mkono unaotafuta gia lazima kwanza uombe radhi kwa goti la mtu.

Vitabu vyote vya uhandisi vinasema gari hilo haliwezi kukupita kwenye kupanda. Dereva hajavisoma. Yeye anawahi tripu nyingine kabla mvua ya alasiri haijashuka, na hakuna torki wala farasi wanaoweza kushindana na mtu ambaye hajalipia mkopo wa mwezi huu. Akitokea kwenye kioo chako, mpishe. Watu wakiuliza, sema huyo hakuwa kwenye mashindano.

8. Weka visingizio karibu na usukani

Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye eksozi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili liyachome linataka safari ndefu yenye joto. Wewe umekuwa ukienda sokoni Daraja Mbili na kurudi. Siku moja taa ya rangi ya chungwa itawaka, injini itajipunguzia nguvu yenyewe na gari litatembea kama limebeba jeneza.

Usifadhaike. Siku hiyo wewe una watoto ndani ya gari. Kama hakuna watoto, una mayai. Kama hakuna mayai, lawama iende kwa mafuta. Kisingizio hiki kina mizizi katika historia: kuchanganya dizeli na mafuta taa kulizoeleka hata serikali, mwaka 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili biashara hiyo isilipe. Mafuta taa hayalainishi vyuma inavyotakiwa, na pampu pamoja na injekta za dizeli ya leo huyachukia. Sema, "Niliwekewa mafuta machafu njiani," kisha tikisa kichwa. Kila mwenye gari atatikisa chake pamoja nawe, hata wa Subaru.

9. Malizia ushindi kwenye pampu

Hapa huhitaji hila. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, na injini yako huitumia vizuri zaidi. Kutoka Nairobi kupitia Narok hadi Kisii ni kama kilomita 300. Ukiendesha kwa adabu, CX-5 ya dizeli itakunywa lita 20 hivi, na Subaru ya tabo yenye dereva wa kujionyesha itazidi 30 bila shida. Shemeji atakupita Mai Mahiu kwa mbwembwe. Utamkuta Narok akila nyama, kwa sababu kila mtu husimama Narok, na mtaondoka pamoja.

Ngoja tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei mpya za mafuta. Usimpigie simu. Mtumie tu picha ya risiti yako.

10. Mstari wa mwisho uchore baada ya mbio

Wanaoshindwa ni wale wanaotaja mwisho wa mbio kabla hawajaanza. Wewe nyamaza. Mkitoka Kisii mjini, endesha, tazama uko wapi. Kama ulikuwa mbele mkipita Keumbu, mbio ziliishia Keumbu, na yaliyofuata yalikuwa safari ya kawaida ya watu wawili wenye shughuli zao.

Shemeji ataapa kwamba alifika Keroka kabla yako. Usimbishie. Mji wa Keroka uko mpakani, na kaunti mbili zimeugombania kwa miaka. Wewe muulize kwa upole, wazee wakisikia: alifika kwanza Keroka ya Kisii, au Keroka ya Nyamira? Halafu wakati anafikiri, nenda ukaegeshe gari lako kivulini.